Mayai Viza na Bakhuri

Mama mkwe wangu alianza kuniita pua ya mbwa juma lile lile nililoingia nyumbani kwake Munuki, hapa Juba, na sikuwa na hoja ya kujitetea. Kila asubuhi majirani zetu huchoma takataka: chupa za maji, mifuko, kandambili zilizokatika. Moshi wake mzito huvuka ukuta wa mabati, ukaingia ndani hadi kwenye neti. Wenzangu hukunja pua, wakakohoa kidogo, wakaendelea na usingizi. Mimi huwa nimeshaketi, miguu iko sakafuni na mkono umeshamkamata mtoto, kabla sijajua kama niko Juba au Nakuru.

Nakuru ndiko nilikolelewa. Wazazi wangu walikimbilia Kenya nikiwa mgongoni, tukakaa katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja na choo kimoja. Chumba cha mkabala na chetu alikaa dada mmoja aliyefanya kazi saluni. Jumapili alinisuka bila malipo, akinifinya masikio nikitikisika. Siku moja ploti nzima ilinuka tangu mchana. Kila mtu alisema ni choo, na choo chetu kilikuwa na sifa zake, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Mama mmoja alimwaga majivu humo, mwingine akamwaga dawa. Jioni dada yule alirudi kazini, akafungua mlango wake, akawasha taa.

Sitasimulia niliyoyaona baadaye. Nitasema tu kwamba harufu ya moto wenyewe sikuiogopa kama ile iliyoutangulia. Ile ya mchana, ya kabeji iliyooza na mayai viza, ile ambayo watu wazima wote waliinusa wakaisingizia choo, ndiyo iliyojichimbia ndani yangu ikajenga nyumba. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuhitaji hata kuuona ung'ongo, nilishtuka nikisikia mtu anasuka mkeka.

Sasa nafundisha sayansi katika shule moja upande wa Nyakuron, na kila mwaka nikifika kwenye milango ya fahamu huwa naona haya kidogo, kana kwamba najisema mbele ya darasa. Nachora ubongo ubaoni. Nawaambia wanafunzi kwamba tunachokiona na tunachokisikia hupita kwanza kwenye kituo cha katikati, kama mgeni anayesimamishwa getini aulizwe anamtaka nani. Harufu haina adabu hiyo. Inapanda puani na kuingia moja kwa moja hadi jirani ya kijisehemu kidogo, kama punje nene ya karanga, kiitwacho amigdala, ambako woga una makao yake, na mlango unaofuata ni wa kumbukumbu. Ndiyo maana mtu huogopa kwanza, halafu ndipo anajua ameogopa nini. Wengine hawafiki hapo pa kujua.

Siku moja niliwapelekea chupa zenye vitu vinavyonuka. Katika mojawapo nilitia kipande cha samaki aliyevundikwa, yule ambaye mama mkwe humtia kwenye mchuzi, nami hula nikipumulia mdomo. Nusu ya darasa ilikimbilia madirishani. Msichana mmoja aliyelelewa kando ya mto alifumba macho, akasema anamkumbuka nyanya yake, akaomba chupa irudi kwake tena. Wenzake walimcheka hadi akalia. Niliwafokea kwa hasira iliyowashangaza, kisha nikaandika ubaoni kwamba uvundo ni mmoja lakini bongo ni mbili. Nikawaeleza pia habari ya gesi ya kupikia, kwamba yenyewe haina harufu, na watu wa kiwandani huitia uvundo ule wa mayai viza makusudi ili tuichukie tukimbie. Walilipenda sana jambo hilo. Mimi nilitoka nje nikaenda kunywa maji.

Basi fikiria nilivyojisikia mume wangu aliporudi na mtungi wa gesi.

Mume wangu ni fundi wa malori kule Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, na huja nyumbani Jumamosi jioni. Mvua zilikuwa zimeanza, makaa yameloa, mimi nafika shuleni nimechelewa nanuka moshi. Alidhani ananiletea zawadi. Mtungi ulitoka Uganda, regulata ya kufungulia gesi ilitoka Kenya, na kati yao hakukuwa na undugu wowote. Lakini kwa fundi wa malori hakuna kisichofungika kwa mpira wa tyubu. Alikata kipande, akakivuta, akakizungushia, akakaza kwa waya, akapiga mtungi kofi kama mtu anayemsifu ng'ombe.

Nilimwambia, "Baba, mimi na hii kitu hatutakaa nyumba moja."

"Umeshakaa na mama yangu," alinijibu, "gesi itakushinda?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, na mtungi ukabaki. Kila asubuhi nilipaka povu la sabuni kwenye ule mpira nikainama kuangalia kama linafura. Halikufura. Niliwasha kiberiti nimenyoosha mkono mbali kama mtu anayemlisha mamba. Mama mkwe hakuugusa mtungi ule hata siku moja. Yeye alikuwa na sigiri yake barazani, na makaa yake aliyoyahifadhi chini ya kitanda yasiloe, kwa sababu bila kaa la moto hakuna bakhuri.

Watu wa pwani wanaita buhuri, sisi Juba tunaita bakhuri, na katika nyumba ile ilikuwa nusu ya dini. Vipande vya msandali vilivyopikwa kwa sukari na manukato alivihifadhi kwenye kichupa cha kioo alichotoka nacho Khartoum, ambako alikimbilia akiwa mke kijana mwenye watoto wadogo. Mgeni akija, bakhuri. Mtu akipona, bakhuri. Samaki akiungua, panya akifia darini, mtoto akitapika kitandani, bakhuri. Anatia kaa kwenye chetezo, anatupia vipande viwili vitatu, anapita nacho chumba hadi chumba, hadi chini ya meza, na mwisho anakiweka sakafuni na kusimama juu yake kidogo moshi umpande ndani ya lawa, ile shuka anayofunga begani. Kwake harufu mbaya haikuwa hatari. Ilikuwa aibu, na aibu inafukizwa.

Binti yetu, aliyekuwa na miaka minne wakati huo, alimwita haboba, yaani bibi, na alilala kifuani mwake kila alasiri uso umezama ndani ya lawa ile. Nilipokuwa nikimwita aje aoge alikuja ananuka msandali kichwani. Nilikuwa na wivu kidogo, lakini pia nilishukuru. Nilijiambia: huyu walau ubongo wake unajengwa kwa harufu nzuri.

Maana woga wangu mkubwa kuliko wote haukuwa gesi. Niliogopa kumrithisha mtoto huyu pua yangu. Niliogopa siku moja nitamkuta ameketi alfajiri, macho yamemtoka, miguu sakafuni, na hajui kwa nini.

Na kwa kuwa binadamu hana akili moja, nilikuwa naogopa hivyo huku namfundisha. Nilitunga mchezo. Mama akishika pua, unaacha kila kitu, unakimbia hadi getini, unagonga bati mara moja, unasimama pale. Hakuna kuuliza, hakuna kurudi kuchukua mdoli. Tulicheza mara nyingi. Alikuwa anacheka njia nzima, nami namchekea, na moyo wangu unapiga vibaya kila nikiinua mkono.

Mama mkwe hakuupenda mchezo ule. Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wafanyabiashara wa Uganda, na alinisemea hicho alipotaka nisikie vizuri.

"Wewe nafundisha mutoto kuogopa," aliniambia. "Hiyo haiko muzuri."

"Namfundisha kujiokoa, Mama."

"Sisi natembea mwituni na watoto, biniya, binti yangu. Mutoto yenye naogopa nalia. Yenye nalia naita bunduki. Mimi nafundisha yangu kunyamaza." Aliinua kidole kimoja akakiweka mdomoni, kama alivyowafanyia wanawe wakati ule wa vita. Watoto wake walinyamaza, wakaishi, na mmoja wao ndiye mume wangu.

Kisa cha mayai kilikuja baada ya hapo. Nilikuwa nasahihisha daftari barazani harufu iliponifikia, ile yenyewe, mayai viza na kabeji. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka niko uani nimembeba mtoto, napiga kelele kila mtu atoke, na mama mkwe anatoka bafuni amejifunga kanga, povu kichwani, jicho moja limefumba kwa sabuni. Majirani walikuja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita aliegesha pikipiki akaingia bila kukaribishwa. Waliuzunguka mtungi, wakaunusa, wakapaka sabuni. Mtungi ulikuwa mzima.

Nyuma ya jiko, kwenye boksi, kuku wa mama mkwe alikuwa ameatamia mayai yaliyokwisha kufa zamani. Moja lilikuwa limepasuka.

Walinicheka siku hiyo hadi nami nikacheka, kwa kuwa ukikataa kucheka unachekwa mara mbili. Mama mkwe aliyatupa mayai, akachoma bakhuri, akaniita Mama Mayai mbele ya kina mama wa kanisa juma zima. Lakini jambo lilikuwa limekaa. Kuanzia siku ile nyumba nzima ilijua harufu ile ni ya nini. Ikisikika, ni mayai. Na mama mmoja wa ploti Nakuru, ambaye alimwaga majivu chooni, alikuja akasimama kichwani mwangu, nami nikamfukuza.

Zamu ya mama mkwe kupokea kina mama wa kanisa iliangukia Jumamosi. Ni zamu ambayo mtu huisubiri na kuiogopa, kwani maombi ni ya saa moja lakini nyumba yako itazungumzwa hadi Pasaka. Nilikuwa na masomo ya ziada ya darasa la mtihani, kwa hiyo nilitoka asubuhi nikamwacha anafagia. Nilikuwa nimepaka povu langu kwenye mpira kama kawaida. Nikanawa mikono, nikaenda.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye. Baada ya kufagia alipiga deki. Alipofika jikoni aliona mtungi umezungukwa na mafuta na vumbi, akaona haya. Aliuvuta pembeni apige deki nyuma yake, kwa nguvu zile za mwanamke aliyebeba maji maisha yake yote, kisha akaurudisha mahali pake, akaufunika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe ili wageni wasione chuma. Mpira wa tyubu ulikuwa umechomoka upande mmoja. Sauti ya gesi ikivuja ni ndogo sana, hata mtu mwenye masikio mazuri asingeisikia, na redio ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa.

Gesi ya kupikia ni nzito. Haipandi kama moshi, inashuka, inatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, inavuka kizingiti. Sebuleni, sakafuni, mtoto wangu alikuwa anapanga vizibo vya soda. Yeye ndiye aliyeinusa kwanza, kwa sababu iko kwenye kimo chake.

"Haboba, kunanuka."

Bibi alinusa. Alisikia harufu ya mayai viza, na wageni walikuwa njiani.

Alitoka akazunguka nyuma ya jiko kutafuta mayai. Hakuyaona. Alimkemea kuku. Kisha akafanya lile ambalo mikono yake imelifanya miaka yote. Alikwenda barazani kwenye sigiri, akachagua makaa mekundu kwa koleo, akayapanga kwenye chetezo, akachukua kichupa cha kioo.

Mimi nilishuka kwenye bodaboda wakati huo. Geti lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya wageni, na viti vya plastiki vimepangwa uani chini ya mwarobaini. Niliona yote hayo kwa furaha. Nilimwona mama mkwe kwa mgongo, lawa mpya ya rangi ya chungwa, anaelekea mlango wa sebule, na chetezo mkononi kinatoa uzi wa kwanza wa moshi. Nilikuwa karibu kumsalimu. Upepo ukageuka, ukapita ndani ya nyumba kutoka dirisha la nyuma, ukatoka mlangoni, ukanifikia.

Miaka yote niliutayarisha woga wangu kwa ajili ya kukimbia. Kila usiku wa maisha yangu nimekimbia kichwani, najua mlango uko wapi, najua mtoto yuko upande gani. Hakuna aliyeniambia, na mimi mwalimu sikumwambia mwanafunzi yeyote, kwamba woga una namna nyingine. Miguu yangu ilikufa. Ulimi ulilala mdomoni kama wa mtu mwingine. Nilimwona akikaribia mlango, hatua zake za polepole, mkono wa kushoto unapepea makaa yazidi kuwaka, na nilisikia ndani ya kichwa changu sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele, lakini nje palikuwa na redio tu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ploti, dada yule anatafuta ufunguo kwenye mkoba.

Mkono wangu ulipanda wenyewe ukashika pua. Sikuuamuru. Haikuwa ishara, ni mwili ulikuwa unajifunga.

Binti yangu aliketi sakafuni mbele ya mlango, na alikuwa ameinua macho kuangalia nani ameingia. Alimwona mama ameshika pua. Aliacha vizibo. Hakucheka safari hii, naamini uso wangu ulimwambia. Alikuja mbio, akatoka mlangoni wakati bibi anainua mguu kuingia, akamgonga magotini, akapita.

Chetezo kiliruka. Mama mkwe aliona makaa yanamwelekea mtoto kichwani, na akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: aliyadaka. Kwa kiganja kitupu. Alikikumbatia kile chetezo tumboni, akageuka, akaruka ngazi ya baraza kumfuata mtoto, akaanguka uani kwa magoti kati ya viti vya plastiki, na makaa yakamwagika mchangani mbele yake. Bakhuri ya kwenye chetezo ilimwagika yote juu ya moto. Moshi wa msandali ulipanda mzito, mweupe, mtamu, ukawafunika yeye na mjukuu wake aliyekuwa amegeuka kuangalia.

Getini palisikika bati likigongwa mara moja.

Hapo ndipo miguu ilinirudia. Ndoo ya maji ya deki ilikuwa barazani, niliyamwaga yote juu ya makaa na mengine juu ya sigiri. Nilibana pumzi nikaingia, nikakiondoa kile kitambaa cheupe, nikaufunga mtungi hadi mkono ukauma, nikasukuma madirisha. Nilipita mbele ya swichi ya taa nimejikunyata kama mtu anayempita nyoka aliyelala. Nilitoka nikatapika chini ya mwarobaini.

Kina mama wa kanisa walifika wakatukuta hivyo: mimi nimechuchumaa, mama mkwe ameketi mchangani na kiganja kimefura, mtoto amegandamana na geti na hataki kuliachia. Mmoja wao alitafuta maji safi akautumbukiza ule mkono. Hawakuuliza mengi. Waliketi pale pale uani, wakaimba taratibu, wakaomba wakiwa wamefumba macho, nami peke yangu nimeyafumbua.

"Mimi nafikiri iko mayai," mama mkwe aliwaambia baada ya amina. Aliwaambia wao, hakuniambia mimi.

Nilitaka kukasirika. Mimi ni mtu wa hasira, na nilikuwa na haki. Lakini nani alimwambia kwamba ni mayai, kama si pua yangu mwenyewe siku ile ya kuku? Mume wangu alifika jioni, akaukagua mpira, akaketi mbele ya mtungi ameshika kichwa. Kesho yake aliupandisha kwenye lori akarudi nao Nesitu. Tulirudi kwenye makaa yaliyoloa, na sijawahi kulalamika tena.

Nilidhani yamekwisha.

Kiganja kilipoanza kukauka, mama mkwe alivunja kipande cha bakhuri kilichobaki ili amshukuru Mungu. Nilikuwa nabandua chai. Nilisikia bati la geti likigongwa. Nikatoka nikamkuta mtoto amesimama pale, mgongo umeshikamana na bati, amejikojolea. Hakuna aliyeshika pua. Hakukuwa na mchezo. Palikuwa na msandali tu, mtamu, unatoka mlangoni polepole.

Nilijua kilichotokea, ni somo langu. Ubongo wa mtoto haukuwa na nafasi ya kuchunguza ni harufu gani ilitaka kutuua. Ulikamata ile iliyokuwa karibu wakati mama amegeuka jiwe na bibi ameanguka. Harufu ya mayai viza ilimpita. Aliyoibeba ni ile ya haboba. Woga haujui haki, unashika mtuhumiwa wa kwanza.

Kuanzia hapo hakulala tena kifuani mwa bibi yake. Alimsalimia kwa mbali, kwa adabu, mkono nyuma. Bibi akinyoosha mikono, mtoto anarudi nyuma hatua moja, na macho yanatafuta geti. Lawa zote za mama mkwe zilikuwa zimefukizwa miaka na miaka, nywele zake, mto wake, hata noti anazofunga kwenye ncha ya kanga. Nilimweleza mwanzoni kwa maneno ya darasani, kwamba itapita, kwamba tumzoeshe kidogo kidogo. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

"Yeye naogopa mimi," alisema.

"Si wewe, Mama. Ni harufu tu."

"Na mimi iko nini?"

Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miaka mingi na sikuweza kumtenganisha na harufu yake.

Asubuhi moja nilimkuta bombani na beseni kubwa na mche mzima wa sabuni ya bluu. Alikuwa ametoa kila kitu sandukuni. Alifua kwa mkono mmoja mzima na mmoja wenye ngozi mpya ya waridi, akasuuza, akainua nguo puani, akairudisha kwenye beseni. Niliomba nimsaidie, akanikatalia kwa kichwa. Kamba zote za ua zilijaa. Alifua tena kesho yake, na siku iliyofuata. Alikata nywele zake fupi kwa wembe. Kichupa cha kioo kutoka Khartoum alimpa mama mmoja wa kanisa, na nilipomwona akikikabidhi, nilikimbilia chumbani nikalia kwa hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumrushia.

Alasiri moja alitandika mkeka barazani akaketi, lawa iliyopauka begani, kichwa kitupu. Hakumwita mtoto. Alikaa tu, akichambua mchele. Mtoto alitoka kwenye vizibo vyake, akasogea, akasimama. Akainama akamnusa goti. Akamnusa mkono ule wenye kovu, akapanda hadi shingoni, akaingiza pua ndani ya lawa na kunusa kwa makini, uso umekazwa kabisa kama wa mtu mzima. Nilikuwa mlangoni, nimeshikilia fremu. Niliutambua uso ule. Ni wangu.

Kisha akaketi kwenye mapaja ya bibi yake, akaegemeza kichwa.

Mama mkwe hakumkumbatia haraka. Aliweka ungo chini kwanza. Alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, macho yamejaa, na alinena polepole kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka nisikie vizuri.

"Wewe nafundisha yeye muzuri," alisema.

Sikujua ananishukuru au ananilaumu, na niliogopa kumuuliza.